Pedali ya Kijani

Wiki moja baada ya kumzika Baba nilifungua sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda chake, na kitu cha kwanza kutoka humo kilikuwa harufu. Mafuta ya cherehani, kutu, vumbi la kahawa, na kwa chini kabisa utamu wa ndizi iliyoiva kupita kiasi. Huo utamu najua niliuongeza mwenyewe, maana sanduku lilikuwa kavu na ndizi haijawahi kuingia humo. Lakini pua ina kumbukumbu zake, na haiombi ruhusa. Niliona koti lake la kazi limeviringishwa, na kwenye mkono wa koti kimechomoza chuma kilichopakwa rangi ya kijani. Nikafunika sanduku. Nikakaa sakafuni, mtu mzima mwenye watoto wake na mvi zake, nikawa tena na miaka minane.

Sisi tuliokuwa watoto wakati maduka ya Moshi mjini yalipoanza kujaa tena tunaikumbuka ile hali. Kabla ya hapo kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kupelekewa jirani. Ghafla kukawa na redio za rangi ya fedha, soksi za mafungu, vyombo vya plastiki vya kila rangi, na mitumba ya kuchagua mpaka mtu anachoka. Wakati huohuo bei ya kahawa ilikuwa inashuka, na wazee wa kwetu Old Moshi, ambao zamani hawakuvumilia kumwona mtu akiupiga mbuni panga, walianza kuing'oa mibuni yao wenyewe kimyakimya na kupanda nyanya. Stoo yetu ya kahawa ikabaki tupu. Ndipo Baba akaingiza humo dramu zake.

Baba alikuwa mpiga dramu wa bendi iliyokuwa ikipiga Jumamosi kwenye ukumbi mmoja mjini. Siku nyingine alikuwa mkulima kama baba wa kila mtu. Wenzake wa bendi walimwita Mguu, na lilikuwa jina la sifa. Walisema wapiga dramu wengi wana mikono, huyu ana mguu, kwa sababu ile dramu kubwa inayolala ubavu haipigwi kwa mkono. Mpigaji hukanyaga pedali, na pedali ndiyo inayorusha kinyundo kwenye ngozi. Dum ya Baba ilikuwa inatua mahali pake kama jirani anayepita kila siku saa ileile. Humsubiri, lakini asipopita unauliza kulikoni.

Alifanya mazoezi alasiri, ukungu unapoanza kushuka kutoka msituni. Kabla ya kuanza alivaa raba nyeupe za turubai, na kufunga kamba zake ilikuwa kazi yangu. Alinifundisha mwenyewe: masikio mawili ya sungura, moja linapita chini ya lingine, vuta. Shuleni kwetu wengi walikuja na kandambili au peku, kwa hiyo ujuzi huo ulinipa kiburi kisichokuwa na mfano. Fundo langu lilikuwa na kasoro moja tu. Sikio la kulia siku zote lilitoka refu kuliko la kushoto, na Baba alisema tuliache hivyohivyo, huyo ni sungura wangu.

Kazi ya pili ilikuwa kusikiliza. Nilikaa chini mbele ya dramu kubwa, viganja viwili juu ya ngozi yake, macho nimefumba. Baba aliamini kwamba masikio ya mpiga dramu hudanganywa na mikono yake mwenyewe, hivyo anahitaji mtu wa mbele wa kumwambia ukweli. Mwanga uliingia kwa vipande kati ya ubao na ubao. Nje maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji, migomba inadondosha matone, ng'ombe wa jirani analia, na baada ya muda sikujua tena kipi kiko ndani ya stoo na kipi kiko nje. Dum iliingia kwenye viganja, ikapanda mikononi, ikatulia kifuani. Mara nyingine nililala hukohuko nimeegemea ngoma, na Baba aliendelea kupiga polepole asiniamshe. Sijawahi kulala vizuri namna ile tena, hata kwenye vitanda vya gharama.

Kisha bendi ikaenda kupiga Chekereni, kule tambarare, watu wa mpunga walipokuwa wamevuna na wanataka kucheza. Baba alirudi asubuhi, akakaa jikoni bila kuvua kofia.

"Wamesemaje?" Mama aliuliza akimmiminia chai.

"Mwenye bendi anasema nachelewa."

"Kufika?"

"Ndani ya wimbo. Wimbo unafika, mimi nafika nyuma yake." Aliinywa ile chai ikiwa bado moto, akaomba maji, akanywa jagi zima. "Pedali imezeeka. Nakanyaga sasa, yenyewe inajibu baadaye. Na amenunua kinanda. Kina ngoma ndani. Unabonyeza kitufe kinapiga chenyewe, hakichoki wala hakili."

"Basi na kicheze chenyewe," Mama akasema.

Baba hakucheka. "Amenipa mpaka Krismasi."

Krismasi kwetu ndiyo mwisho wa hesabu zote. Watu wa Dar na Arusha wanarudi nyumbani, harusi zinapangana, na bendi isiyopiga mwezi huo haina haja ya kuwepo. Nilielewa kitu kimoja tu: Baba akipata pedali nzuri kabla ya Krismasi atabaki kuwa Mguu, asipopata, kinanda kitachukua jina lake. Tukaanza kutafuta pedali, mimi na yeye, kwa bidii ya watu wanaotafuta ng'ombe aliyepotea.

Ile ya zamani ilikuwa ya mwenye bendi. Ilivutwa na mkanda wa ngozi ambao ulishakatika mara kadhaa na Baba akaushona kwa ngozi ya ng'ombe wetu mwenyewe. Ilishuka taratibu, kama mtu mzima anavyokaa kitini, na haikupenda kuharakishwa. Nilipoibonyeza kwa mkono nilisikia kila hatua ya safari yake. Kwenye viganja vyangu mlio wake ulikuwa mpana na wa kirafiki. Kwa nyimbo za zamani hapakuwa na kama hiyo, ila nyimbo za siku hizo zilikuwa zinakimbia kama mtu aliyeiba.

Ya pili ilitoka dukani mjini na ilimgharimu Baba beberu mmoja, beberu ambaye Mama hajamsahau mpaka leo. Muuzaji aliitoa kwenye boksi kama anatoa kitoto. "Hii ya kisasa, mzee wangu," alisema. "Hii inakimbia yenyewe." Ilikuwa nyepesi kama sufuria, inang'aa, na mahali pa mkanda ilikuwa na kamnyororo kembamba. Kweli ilikimbia. Nilipoibonyeza ilirudi kabla sijamaliza kubonyeza. Lakini mlio wake ulikuwa wa kugonga mlango, haukuingia ndani. Baba aliikanyaga alasiri nzima, akasimama, akajifuta uso.

"Inakimbia," alisema. "Lakini mimi simo."

Wiki ya pili springi yake ikalegea kama ulimi wa mbwa, na muuzaji akasema mali ikitoka dukani imetoka.

Ya tatu ndiyo hii ya kijani. Tulishuka mpaka Njoro kwa Fundi Aminieli, ambaye zamani alikuwa akipiga gitaa la besi kwenye bendi hiyohiyo. Alikuwa ameacha muziki akaingia kwenye kuchomelea vyuma, kwa sababu kila aliyejenga Moshi miaka ile alitaka madirisha ya nondo na geti lenye maua. Yeye na Baba walikuwa zaidi ya ndugu. Mimi nilimwita Baba Mdogo.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mama. Mguu, huyu ndiye anayekusikilizia?"

"Ndiye bosi wangu," Baba akasema.

Ilimchukua siku chache. Fremu yake ilikuwa mabaki ya geti la mtu, mnyororo wa baiskeli, springi za tandiko la baiskeli, na kinyundo alikichonga kwenye tairi la gari akakivika kipande cha blanketi. Rangi ilikuwa iliyobaki kwenye kopo siku hiyo. Malipo alitaka mkungu wa ndizi tu, tena alisema hana haraka nao. Ilikuwa nzito na mbaya kwa sura. Waliiunga kwenye dramu kubwa tuliyokuja nayo kwenye pikapu ya jirani, na mimi nikaijaribu wa kwanza, kwa mkono, kiganja kingine kwenye ngozi. Mwanzo ilikataa kidogo. Kisha ikakubali, ikajisukuma yenyewe mpaka mwisho, na dum iliyotoka ilikuwa ya mviringo, fupi, haina mkia.

"Hii," nikasema.

Fundi alicheka kwa furaha. Baba akakaa, akakanyaga. Akakanyaga tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha giza.

"Nakanyaga hewa," alisema.

Fundi alikaza springi, akalegeza, akakaza tena. Wateja waliokuja kufuata madirisha yao walisimama wakitazama. Kila mara Baba alitikisa kichwa, na kila mara sauti yake ilipanda.

"Umenitengenezea geti, Aminieli. Mimi niliomba pedali."

"Chuma hakina kosa, Mguu. Mtoto ameibonyeza hapa, umeisikia."

"Kwa hiyo kosa langu? Miaka yote uliyosimama kando yangu na gitaa lako, uliwahi kunisikia nachelewa?"

"Sijasema hivyo, mbe, ndugu yangu."

"Hujasema, ila unafikiri." Baba alisimama, akaanza kufungasha dramu. "Nimekuja kwako kama ndugu, unanifanya kichekesho mbele ya watu. Usikanyage kwangu tena."

Hakuna aliyekuwa amemcheka. Fundi alibaki na spana mkononi. Baba alitoka bila kuichukua pedali, na Fundi akanipa mimi. "Beba, mama. Mambo ya wakubwa yasikuhusu." Niliipakata njia nzima mpaka nyumbani, magoti yangu yakapata alama za mnyororo. Ule mkungu wa ndizi haukupelekwa.

Siku zilizofuata Baba alizungusha pedali tatu kama mpishi anayeonja sufuria tatu zote hazina chumvi. Ya mkanda haina kitu. Ya dukani haina kitu. Ya kijani hewa tupu. Aliponiita kufunga kamba za raba alisema, "Kaza." Nikakaza. "Kaza zaidi." Nikamwambia itaumiza. "Hainiumizi. Kaza." Nilivuta kwa mikono miwili huku nimeweka goti kwenye kiatu chake, na nilijivuna kuwa na baba mwenye miguu migumu namna ile. Alikuwa anakunywa maji kuliko ng'ombe. Na ndani ya stoo kulikuwa na harufu ya ndizi mbivu. Nilidhani Mama ameficha mkungu darini tusiumalize, nikapanda kuutafuta mara mbili, sikuona kitu ila buibui.

Nilikuwa na maelezo yangu, na yalinitosheleza kabisa. Pedali zimenuna. Zimetukanwa mbele ya watu, hasa ile ya kijani iliyoitwa geti, na sasa zimekataa kumjibu Baba. Mtu akikutukana unaacha kumjibu, sivyo? Na dawa ya kutukanana niliijua, kwa sababu nilikuwa nimeiona mwaka huohuo nyumbani kwetu. Jirani alimtolea Mama maneno mazito kwa sababu ya zamu ya maji ya mfereji, na Mama akaapa kwamba hata kwenye msiba hatakaa naye benchi moja. Asubuhi moja yule mwanamke akaja ameshika jani la isale, lile jani refu linaloota mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, amelipiga fundo katikati. Hakusema mengi. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akamtolea kiti, akaweka chai. Alipoondoka nilimuuliza mbona amemsamehe na juzi tu aliapa.

"Isale hairudishwi," Mama akasema, na akaendelea kumenya ndizi.

Kwa hiyo Ijumaa moja nilipotoka shule nilikwenda mpakani, nikachuma jani la isale lililo laini, nikaingia stoo. Nilijua jani hupigwa fundo. Lakini fundo nililolijua ni moja tu. Nililizungusha kwenye shingo ya pedali ya kijani, nikatengeneza masikio mawili, moja likapita chini ya lingine, nikavuta. Kisha nilipiga magoti kama kanisani.

"Msamehe Baba," niliiambia pedali. "Hakukusudia. Naomba umjibu kabla ya Krismasi."

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi, na ukungu ulikuwa mzito hata jiko lilionekana kama liko mbali. Nilimsikia Baba akifungua stoo. Nikazunguka nyuma, nikaweka jicho kwenye ufa. Alikuwa amesimama mbele ya pedali. Akachuchumaa polepole, akaligusa lile jani kwa kidole kimoja, akabaki hivyo mpaka miguu yangu ikaanza kufa ganzi. Sikuuona uso wake. Kisha alisimama, akaita, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Mama watoto! Jana nani alikuja hapa?"

"Sijaona mtu," Mama akajibu kutoka jikoni. "Kwani nini?"

"Aminieli ameniletea isale."

Mama alikuja mpaka mlangoni, akaliangalia jani, akamwangalia Baba. "Basi nenda," alisema.

Nilitaka kusema ni mimi, mdomo ukakataa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba uongo ni dhambi ya ulimi, na hapa nilikuwa nimedanganya kwa jani, kitu ambacho mwalimu wa Shule ya Jumapili hakuwahi hata kukitaja. Nilijua Baba akifika Njoro, Fundi atasema hakuleta isale yoyote, na hapo ugomvi utakuwa wa milele. Nilifunga kamba zake. "Kaza," alisema, na nikakaza. Alikata mkungu wa ndizi, ule wa deni la pedali, akaubeba begani, pedali na jani ndani ya mfuko, akashuka kwenye ukungu. Alikuwa anachechemea. Nikadhani ni uzito wa mkungu.

Hakurudi siku ile. Jumapili baada ya ibada nilimwona Fundi Aminieli akipanda kilima anasukuma baiskeli, na nilijificha nyuma ya Mama, nikiwa na hakika amekuja kunishtaki.

"Shemeji," alisema, akakataa kiti, kisha akakaa. "Mguu yuko hospitali. Msishtuke, yu hai."

Alieleza polepole, huku akiangalia mikono yake. Baba alipofika aliikanyaga tena pedali, na tena akasema hewa. Fundi akamwambia avue viatu aijaribu peku, chuma na ngozi ya mguu visiwe na kitu katikati. Baba akavua. Chini ya mguu wa kulia kulikuwa na msumari, umetokeza kwenye soli ya raba, na kila alipoivaa ulimwingia mguuni, siku nyingi. Vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. "Alikuwa ameukanyaga msumari ule siku zote hizo, shemeji, na hakujua. Alipouona aliniuliza, huu wa nani?" Fundi alijifuta mikono kwenye suruali. "Wanasema ni sukari. Mguu umekufa ganzi muda mrefu. Daktari kasema wiki moja zaidi wangeukatia gotini, au tungekuwa tunazungumza mengine."

Mimi niliposikia sukari nilikwenda kabatini nikaficha kopo la sukari chini ya kitanda changu, na lilikaa huko hadi sisimizi walipolisema. Lakini hata mtoto wa miaka minane anaweza kupanga vitu viwili pamoja akipewa usiku mzima. Pedali zote tatu zilikuwa zinajibu. Zilikuwa zinajibu tangu mwanzo, na mguu ndio ulikuwa hausikii. Na ile harufu ya ndizi niliyokuwa naitafuta darini ilikuwa inatoka kwenye kiatu nilichokikaza mwenyewe, goti juu yake, kwa kujivuna. Nililia mpaka Mama akadhani namlilia Baba. Nilikuwa namlilia, ila pia nilikuwa naogopa mikono yangu.

Baba alirudi bila vidole viwili na akiwa na fimbo. Kinanda kikachukua Krismasi yote, na mwenye bendi akaja mwenyewe kuifuata pedali yake ya mkanda, akaondoka nayo akiwa na aibu ya kutosha. Ile ya dukani nilipewa niichezee mpaka ikavunjika. Siku moja baada ya sikukuu Fundi akaja na gitaa lake la besi. Kwetu umeme ulikuwa haujafika, hivyo gitaa lilisikika kama nzi ndani ya chupa, lakini tuliingia stoo wote watatu. Baba akakaa na vijiti vyake. Akageuza kreti la soda pembeni yake, akanionyesha nikae hapo, mguu wangu juu ya pedali ya kijani.

"Usikimbie," alisema. "Sikiliza mkono wangu, halafu kanyaga."

Nilikanyaga. Nilikosea, nikakanyaga tena. Ukungu uliingia kwa ule ufa niliochungulia, na taratibu dum ikaanza kutua karibu na mahali pake. Fundi alifumba macho. Baba hakunitazama, alitazama mbele kama dereva.

"Unaisikia mguuni?" aliuliza.

"Naisikia."

"Niambie ikoje."

Nikamwambia. "Nzito mwanzoni. Halafu inajisukuma yenyewe."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa salamu za mahali alikowahi kuishi. Tulipiga hivyo alasiri nyingi, miaka kadhaa, mpaka nikaenda shule ya bweni. Na katika alasiri zote hizo sikumwambia kuhusu isale. Mwanzo niliogopa, baadaye niliona aibu, baadaye tena ilionekana jambo dogo la kumsumbua nalo mzee. Nilidhani amekwenda Njoro siku ile akiwa amedanganyika, na kwamba uongo wangu ndio uliomwokoa, na sikujua hata nitamwomba msamaha au nitadai shukrani. Sasa ameondoka, na mimi nimekaa sakafuni na sanduku.

Alasiri hiyohiyo Baba Mdogo alikuja. Ni mzee sasa, jicho moja limeharibiwa na moto wa kuchomelea, na kilima anakipanda kwa vituo. Nilimwamkia, nikampa kiti. Aliuliza habari za Mama, akauliza habari za watoto, kisha akauliza kama nimelifungua sanduku.

"Nimelifungua, nikalifunga."

"Isale bado imo?"

Nilihisi miaka minane yangu yote ikisimama nyuma yangu. "Baba Mdogo," nikasema, "wewe hukuleta isale ile."

"Mimi? Sikuleta." Alicheka kidogo, akafuta jicho lake baya. "Aliingia kwangu na mkungu begani, akaweka pedali mezani, jani likiwa shingoni mwake, akasema nimekuja, nimepokea isale yako. Nikaliangalia. Nikamwambia, Mguu, mimi nafunga hivi? Hili fundo la viatu. Lina masikio."

"Akasemaje?"

"Akasema, najua. La kulia refu." Baba Mdogo aliweka fimbo yake magotini. "Akasema kwangu yuko mtu mmoja tu anayefunga hivyo. Akasema, sijui ameomba msamaha wa nini, lakini isale hairudishwi, na mimi nilikuwa sina njia nyingine ya kuja kwako."

Nilikwenda nikalitoa sanduku chini ya kitanda, nikaliweka mbele yake, nikafungua koti. Pedali ilikuwa imepakwa mafuta si muda mrefu uliopita. Shingoni mwake jani lilikuwa limekauka likawa rangi ya kamba, na masikio yote mawili yalikuwa bado yamesimama. Nililia hapo, bila kuficha, na Baba Mdogo akaniacha nilie. Kisha nikaiegemeza pedali kwenye ubavu wa sanduku, nikavua kiatu, nikakanyaga polepole mara moja. Kinyundo kikagonga ubao.

"Ikoje?" Baba Mdogo akauliza.

"Nzito mwanzoni," nikamwambia. "Halafu inajisukuma yenyewe."